Pauni 50 na Tanuri la Matofali: Wahamiaji wa Uganda na wa Italia Nchini Uingereza

Katika semina za ujasiriamali zinazofanyika siku hizi sharikani mwetu, kuna hadithi moja inayopendwa kupita nyingine. Husimuliwa kwamba mwaka 1972 Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin walitua Uingereza wakiwa na pauni 50 mkononi, na baada ya miaka michache walikuwa na maduka, viwanda na majumba. Kisha msemaji huwageukia wasikilizaji na kuwauliza: ninyi mnashindwa nini? Mama mwenye genge la nyanya anainamisha kichwa. Kijana wa bodaboda anaandika kitu kwenye daftari. Hadithi imekwisha kufanya kazi yake. Aliyefanikiwa amesifiwa, na ambaye bado hajafanikiwa ameonekana mvivu, au mtu wa imani haba.

Sisi tuliopitia chuo cha theolojia tulizoezwa kulisoma andiko pamoja na mazingira yake, tukiuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na nini kimeachwa nje. Hadithi hii nayo inastahili kusomwa hivyo. Njia mojawapo ya kuisoma ni kuiweka kando ya habari za wahamiaji wengine waliofika nchi ile ile miaka 20 kabla yake, wakafanya kazi kwa bidii isiyopungua hata kidogo, lakini hatujasikia mhubiri akiwataja. Hao ni Waitalia wa Bedford.

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na miji iliyobomolewa kwa mabomu, na nyumba haziwezi kujengwa bila matofali. Karibu na mji wa Bedford kuna udongo wa mfinyanzi wenye mafuta kidogo ndani yake, kiasi kwamba tofali likiingia tanurini husaidia kujichoma lenyewe, na mwenye kiwanda huokoa makaa. Udongo ulikuwepo, soko lilikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Kazi ya kupanga na kutoa matofali katika vyumba vya tanuri ni ya joto kali, vumbi na mgongo kuuma, na Mwingereza aliyeweza kupata kazi katika kiwanda cha magari hakukaa hapo. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1951 kampuni za matofali, kwa msaada wa wizara ya kazi ya Uingereza, zilikwenda kutafuta watu Napoli. Kufikia mwaka 1960 walikuwa wamechukua wanaume zaidi ya 7,000 kutoka vijiji vya kusini mwa Italia: Campania, Puglia, Molise, Calabria na kisiwa cha Sicilia.

Tuangalie walivyoingia, maana hapo ndipo habari yote ilipo. Walipimwa afya kabla ya safari, wakasaini mkataba wa miaka 4. Katika muda huo hawakuruhusiwa kubadili kazi bila kibali, na kila mmoja alijiandikisha polisi kama mgeni. Wengi wao walikuwa wakulima wasiokuwa na ardhi ya kutosha, wenye madarasa machache ya shule, na hawakujua Kiingereza. Walilazwa katika mabweni, mengine yakiwa kambi zilizokuwa za wafungwa wa vita. (Msomaji aliyewahi kushuka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, nchini Kenya, amepita kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitalia mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Waitalia hawa wamejenga mengi katika nchi za watu.) Mkristo anayesoma habari za watu waliofungwa kwenye kazi ya matofali katika nchi ya ugenini hawezi kuacha kukumbuka kitabu cha Kutoka, ingawa tofauti ni kubwa: hawa walilipwa, na mkataba ulipokwisha waliweza kuondoka.

Wakati huo huo serikali ilikuwa na mpango wa kuwapeleka Waitalia wengine kwenye migodi ya makaa ya mawe. Mpango huo uliporomoka, kwa sababu matawi ya chama cha wachimbaji yalikataa kuwapokea. Mfanyakazi mwenzao aliwafungia mlango. Tulishike jambo hili, tutalikuta tena Leicester.

Waliomaliza mkataba wakabaki, walifanya nini? Waliungana watu kadhaa wakanunua nyumba kuukuu, wakaishi wengi chumba kimoja, wakapangisha vyumba kwa wanakijiji wenzao waliokuja nyuma yao. Wake zao wakafuata, na wengi wa wanawake hao wakaingia viwandani. Fedha ilipelekwa kijijini kujenga nyumba ya kurudia uzeeni, na nyingi ya nyumba hizo zilibaki zimefungwa madirisha kwa sababu watoto walikuwa wamekuwa Waingereza. Mwaka 1954 kulifunguliwa ofisi ya naibu konseli wa Italia pale Bedford, kuonyesha jinsi walivyokuwa wengi. Na mwaka 1965 walifungua kanisa lao, likapewa jina la Mtakatifu Francesca Cabrini, mtawa wa Kiitalia aliyefika New York mwaka 1889 kuwahudumia wahamiaji wa kwao. Kanisa hilo lilikabidhiwa mapadre wa shirika lililoanzishwa mwaka 1887 na Giovanni Battista Scalabrini, askofu wa Piacenza, kwa ajili ya Waitalia walioko ugenini. Sisi Walutheri hatuombi kwa watakatifu, lakini tunaweza kuvua kofia mbele ya askofu aliyeona kwamba kondoo wanaondoka zizini kwa maelfu, akaamua kuwatuma wachungaji wawafuate huko huko.

Watoto wa Bedford wakawa waashi, vinyozi, mafundi cherehani, madereva, wauza aiskrimu, na baadaye walimu na makarani. Wajukuu wao leo huwezi kuwatenga na Waingereza wengine ila kwa jina la ukoo na namna ya kupika. Matajiri wakubwa waliotoka matanurini ni wachache. Mwenye semina angetafuta hapa ushuhuda wa kutangaza asingeupata.

Je, ni kwamba Mwitalia hana akili ya biashara? Hata kidogo. Nusu karne kabla ya watu wa Bedford, Waitalia wa aina nyingine walikwisha kuingia Uingereza: watu wa Bardi, mji mdogo wa milimani, waliokwenda Wales, na watu wa Barga waliokwenda Uskoti. Hao waliingia kama wachuuzi wa aiskrimu na samaki wa kukaanga. Hawakuwa na mkataba wa tajiri yeyote, na ndugu alimvuta ndugu. Wakawa na migahawa karibu kila bonde la wachimba makaa kusini mwa Wales. Taifa lao na dini yao vilikuwa vile vile vya watu wa Bedford. Mlango ndio uliokuwa mwingine. Na hata mafanikio yao yaligeuka majivu kwa siku moja. Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini alipoingia vitani, madirisha ya migahawa yao yalivunjwa, na wanaume wakakamatwa. Meli ya Arandora Star, iliyokuwa ikiwapeleka kifungoni Kanada, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 2 Julai, na Waitalia zaidi ya 400 wakafa, wakiwamo wazee waliokuwa wameuza chai kwa majirani zao miaka 30. Bidii yao haikupungua mwezi ule.

Sasa turudi kwa watu wa pauni 50.

Wahindi wa Uganda hawakuwa wamefika Afrika wote kujenga reli, kama tunavyodhani mara nyingi. Wengi wa vibarua wa reli ya miaka ya 1896 hadi 1901 walirudi kwao. Waliojaza maduka ya Kampala, Jinja na Mbale walikuwa zaidi wafanyabiashara wa Gujarat waliofuata nyuma ya reli, kisha watoto na wapwa wao. Utawala wa kikoloni uliwapa nafasi ya katikati. Mwafrika alilima pamba, Mhindi akaichambua na kuinunua, Mzungu akatawala. Mwafrika aliyetaka leseni ya kiwanda cha kuchambua pamba alizungushwa miaka na miaka. Ghasia za mwaka 1949 katika Buganda, na mgomo wa kununua katika maduka ya Wahindi wa mwaka 1959, havikutoka hewani. Ni lazima tuseme hivyo, hasa sisi Waafrika Wakristo, ili tusiigeuze historia ya Uganda kuwa hadithi ya malaika na shetani. Lakini dhuluma ya mfumo haikumpa mtu yeyote haki ya kufanya alichofanya Amin. Mwalimu Nyerere aliusema waziwazi ukweli huo wakati ule, kwamba kumfukuza mtu kwa sababu ya asili yake ni ubaguzi wa rangi, awe aliyefukuza ni Mzungu au Mwafrika.

Tangazo lilitolewa tarehe 4 Agosti 1972. Muda uliwekwa siku 90. Maduka yaligawiwa, mengi kwa askari na marafiki wa askari, na wananchi wakawapa wapokeaji hao jina la Kiswahili lililobaki mpaka leo: mafuta mingi. Wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, na rafu zilipokwisha, duka likaisha. Kilimo cha miwa cha Kakira na Lugazi kilidhoofika hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ya Uganda ilikuwa karibu kutoweka. Mwananchi wa kawaida ambaye kwa jina lake vita hivyo vya uchumi vilipiganwa, ndiye aliyepanga foleni ya sukari.

Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Ni kweli kwamba wengi hawakuruhusiwa kutoka na zaidi ya pauni 50 hivi. Lakini mzigo mkubwa hawakuubeba mfukoni. Wengi walijua Kiingereza. Walijua kuweka hesabu za duka, kununua kwa jumla, kukopeshana kwa neno la mdomo ndani ya ukoo. Watoto wao walikuwa wamesoma shule za sekondari zilizofuata mtindo wa Kiingereza. Walikuwa na pasipoti za Uingereza, kwa hiyo siku ile waliyotua waliweza kutafuta kazi yoyote mahali popote, jambo ambalo Mwitalia wa Bedford alilingojea miaka 4. Serikali iliunda bodi ya kuwapokea na kufungua kambi 16, nyingi zikiwa kambi za jeshi zilizoachwa. Akina mama wa kujitolea, wengi wao watu wa makanisa, walisimama pale wakigawa makoti ya baridi. Amin aliwanyang'anya maduka, lakini ujuzi wa kuendesha duka ulivuka nao uwanja wa ndege.

Mapokezi hayakuwa matamu yote. Septemba 1972 baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri wasije Leicester kwa kuwa nyumba, shule na huduma zimejaa. Inasemekana wako waliosikia habari za Leicester kwa mara ya kwanza kutokana na tangazo hilo. Maelfu wakaenda huko huko, kwa kuwa ndugu walikuwepo na viwanda vya nguo na viatu vilihitaji watu. Mwenye duka akawa mfanyakazi wa zamu ya usiku. Mke wake, ambaye pengine hakuwahi kufanya kazi ya mshahara, akakaa kwenye mashine. Miaka ile ya kwanza haitajwi kwenye semina. Mei 1974 wafanyakazi Waasia, wengi wao waliotoka Uganda, waligoma katika kiwanda cha taipureta cha Imperial wakilalamika kwamba bonasi zao zinapunjwa. Na chama cha wafanyakazi walichokuwa wakikilipia ada hakikusimama nao. Yale yale ya wachimbaji wa makaa na Waitalia, miaka 20 baadaye. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa.

Ndipo maduka ya barabara ya Belgrave yalipozidi kuongezeka. Wengine walifungua duka kwa sababu walijua biashara, ndiyo. Lakini wengine walilifungua kwa sababu mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa, na duka la magazeti lililofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane lilikuwa mlango pekee usiohitaji ruhusa ya mtu. Matokeo hayakanushiki. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba Waasia waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wamekaribia kulingana na Waingereza weupe katika ajira na kipato. Lakini utafiti huo huo uliwakuta Wapakistani na Wabangladeshi wakiwa nyuma sana. Hawa wengi walitoka vijijini, wakaingia moja kwa moja viwandani kama Waitalia wa Bedford, na viwanda hivyo vilipofungwa hawakuwa na pa kukimbilia. Wote ni Waasia, na wengi wa hao walio nyuma ni watu wa sala na wa familia zilizoshikamana, kama wale waliotangulia.

Hata Uganda yenyewe ilitoa wahamiaji wa namna mbili. Waganda weusi walioukimbia utawala wa Amin, kisha vita vilivyofuata, waliingia Uingereza bila pasipoti ya Kiingereza, bila bodi ya mapokezi, na kwa ngozi ambayo waajiri wengi waliiogopa. Tunamjua John Sentamu, mwanasheria aliyeondoka Uganda mwaka 1974, akawa Askofu Mkuu wa York mwaka 2005, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sensa za Uingereza zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba Waafrika weusi walikuwa na elimu ya juu kuliko wenyeji wengi, na bado walikosa kazi mara nyingi zaidi. Aliye na shahada akaosha wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Na hata kati ya Wahindi kulikuwa na waliogawanyika. Mke mwenye pasipoti aliingia Uingereza, na mume asiye na uraia wowote akabaki kambini katika nchi nyingine ya Ulaya (Italia ikiwa mojawapo ya nchi zilizowapa hifadhi ya muda), akingoja miezi na hata zaidi ya mwaka kuungana na watoto wake.

Kila mtoto wa kipaimara katika kanisa letu amekariri maelezo ya Luther juu ya ombi la mkate wa kila siku. Tunashangaa jinsi tunavyoyasahau tukiwa watu wazima. Katika Katekisimo Ndogo, Luther hakuishia kwenye chakula. Chini ya neno mkate aliweka nyumba na shamba, serikali njema, amani, afya, marafiki waaminifu na majirani wema. Yaani alijua, mwaka 1529, kwamba mtu hali jasho lake peke yake. Anakula pia sheria za nchi, na tabia ya jirani, na nia ya aliye mlangoni. Ukiwapima Waitalia na Waganda kwa katekisimo hiyo, utaona kwamba kilichowatofautisha sana hakikuwa jasho.

Hatusemi bidii si kitu. Mwenye duka la Belgrave aliyeamka saa 10 alfajiri kwa miaka 20 anastahili heshima yake yote, na nabii Yeremia alipowaandikia watu wa uhamishoni aliwaambia wajenge na wapande, si wakae wakilia. Tunachokataa ni kuyageuza matokeo kuwa kipimo cha haki ya mtu mbele za Mungu. Hiyo ni haki kwa matendo iliyovaa suti, nasi tunaoikataa madhabahuni Jumapili tunaikaribisha semina ya Jumamosi. Mafundisho yetu juu ya wito hayamweki mwenye viwanda juu ya mtoa matofali tanurini. Nyumba ambazo matofali yale yalijenga, watu wanalala ndani yake mpaka leo.

Wenye mali waliofukuzwa Uganda walianza kurudishiwa majengo yao kwa sheria ya mwaka 1982, na wengi zaidi katika miaka ya 1990. Familia za Madhvani na Mehta zikarudi kwenye miwa yao. Leicester, iliyowaambia wasije, sasa husherehekea Diwali kwa taa barabarani kila mwaka, na kanisa moja la zamani katikati ya mji huo limekuwa hekalu la Wajaini. Bedford, kiwanda cha matofali cha Stewartby kilifungwa mwaka 2008, na mwaka huo huo ofisi ya naibu konseli nayo ikafungwa. Mabomba marefu ya moshi yaliangushwa mwaka 2021. Kanisa la Mtakatifu Francesca Cabrini lilikuwa bado limesimama.